Joto la Shavu la Martina

Tangu wakubwa watangaze soko huria, kila tajiri anakimbilia alizeti. Mashine yangu ya mkono ya kukamulia mafuta yake tuliibuni hapa Mungaa, mimi na marehemu mke wangu Martina. Nikaomba hataza, ile haki ya mbunifu inayozuia wengine kuiga, maana bila hiyo tajiri angeiiga na mimi nibaki kuwa mteja wake.

Ofisa wa hataza akanikutanisha na fundi Chediel pale Mkiwa. Sheria yao inataka maelezo yako yamwezeshe fundi mwingine kutengeneza kitu na kukitumia bila kukuuliza. Mimi nikae kwenye benchi, nifunge mdomo. Kunyamazishwa na serikali nimezoea, ila kuwekewa benchi ndiyo mara ya kwanza.

Mashine Chediel aliiunda vizuri. Alipofika kwenye kupasha mbegu akasoma maelezo yangu: "Pasha mpaka shavu likubali."

Akachota mbegu za moto, akajibandika shavuni. Akaongeza kuni, akajibandika tena. Mbegu zikaanza kutoa moshi.

"Shavu lako limekufa?" nikamwuliza.

"Mzee Alute, umeambiwa usiseme."

Uso ule umezoea cheche za kuchomelea. Hata kaa la moto ungelikubali.

Ofisa akauliza, "Shavu la nani, mzee?"

"La mke wangu."

"Basi tumwite."

"Mwite. Yuko makaburini tangu mlipoanza kutuuzia dawa."

Akainamisha kichwa. "Pole sana, mzee. Lakini fundi hawezi kufuata maelezo haya. Yasahihishe kabla sijaondoka, la sivyo ombi linaanguka."

Martina alikuwa akipima shavuni mwake, kisha ananibandika na mimi tukicheka. Ila tangu matanga sikuwa nimenyoa ndevu. Nikaomba wembe kwa Loyce, muuza asali wa jirani pale pale Mkiwa.

"Kumbe mzee una kidevu," Chediel akasema.

Nikapasha taratibu, nikijibandika, mpaka joto likawa lile lile. Nikakaa nalo kidogo. Lakini shavu siwezi kuliazimisha nchi nzima. Nikachukua kipande cha nta ya nyuki kwa Loyce, nikakiweka juu ya mbegu. Kikalegea. Nikaandika: "Pasha mpaka nta ilegee."

Chediel akapasha mbegu nyingine, nta ikalegea, akazimimina kwenye mashine, akakaza skrubu. Mafuta yakatiririka.

"Kwa hiyo kila atakayesoma atajua?" nikauliza.

"Atajua, lakini hatatumia bila ruhusa yako mpaka muda wa hataza uishe," ofisa akajibu. "Mbunifu niandike Alute?"

"Anza na Martina. Mimi nilikuwa nakaza skrubu."