Mashine Iliyochemka Wakati wa Mvua

Mtaani kwetu hakuna anayeijua injini ya dizeli kunishinda mimi. Naijua vizuri sana: iko nyuma ya ukuta wa chumba changu, na ina kelele. Elimu yangu inaishia hapo.

Injini hiyo inazungusha mashine ya kusaga, na mashine ndiyo inayotulisha: mimi, binti yangu, mumewe na watoto wao. Mwendeshaji ni huyo mumewe, mpole, mwenye maneno kama redio. Mvua zilipoanza, naye akaanza wimbo wake: injini imezeeka, inachemka, presha ya oili inaanguka, heri tuwauzie watu wa vyuma chakavu kabla haijatufia mikononi. Asubuhi moja akasema mnunuzi angekuja mchana huo.

Sasa mimi shule yangu ni ya msingi, lakini sijawahi kuona kitu kinachochemka kwa baridi. Kiangazi chote injini ilisaga bila kulalamika, leo mvua inanyesha ndiyo iugue homa? Nikamwita fundi.

Fundi akaiwasha, akawa anaipapasa mabomba kama mkunga.

"Mama, oili ina kazi mbili," akapaza sauti. "Inalainisha vyuma visisagane, na inabeba joto lao. Inapita kwenye beringi, inarushwa chini ya pistoni, inashuka tumboni imeiva. Pampu inaisukuma kwenye hii rejeta ndogo, feni inaipuliza, inapoa, inarudi kazini. Isipopoa inakuwa nyepesi kama maji, presha inaanguka, vyuma vinaanza kutafunana."

"Kulainisha wanaosuguana na kubeba joto lao," nikasema. "Hiyo ni kazi ya mama mkwe. Ila mimi sina feni."

Hakucheka. Mafundi huwacheka wateja wakishaondoka.

Tukasubiri. Mahindi yakasagwa, gunia likajaa, mshale wa presha ukakaa palepale kama mgeni aliyesikia harufu ya chakula.

"Injini nzima hii," fundi akasema. "Mnauza nini?"

"Leo inajifanya," mkwe wangu akasema. "Imeona fundi."

Fundi akainama. Chumba kizima kilikuwa kimepakwa unga: kuta, mizani, hata buibui. Uso wa rejeta peke yake ulikuwa umefutwa.

"Nani anasafisha hapa?"

"Mimi!" Mkwe akatoa kifua. "Kila siku. Nailea kama mtoto."

"Vizuri. Na kuna kitu unaegesha hapa mbele? Maana ukiziba upepo, oili inarudi na moto wake uleule, halafu unasingizia uzee."

"Niegeshe kitu? Mimi? Fundi, hapo hata unyoya haujawahi kutua. Muulize mama."

Sikuulizwa. Mkwe alikuwa ameshageuka kuizima injini, akatupa mgongo.

Shati lilikuwa jeupe, safi kifuani. Mgongoni lilikuwa na mistari myeusi, myembamba, imenyooka, imebanana kama ya daftari, toka bega hadi kiuno.

Nikakohoa. Mkwe hachekwi, hukoholewa.

"Baba Watoto," binti yangu akasema kutoka mlangoni, beseni kiunoni, "hiyo mistari ndiyo iliyokufanya uwatangazie dada zako kwamba sijui kufua?"

"Mistari gani?"

"Ya mgongoni. Na ya shati la bluu. Na ya suruali ya kutokea."

Fundi akapima kwa vidole nafasi za mapezi ya rejeta, yale mabati membamba yaliyopangana usoni mwake, kisha akavileta vidole vilevile mgongoni kwa mkwe. Vikakaa.

"Mvua hizi nguo hazikauki kambani," akasema, kama anayemtetea. "Na hapa pana upepo wa moto."

Mkwe wangu akajipindua shingo kujaribu kuuona mgongo wake. Akashindwa. Akatutazama mmoja mmoja, mimi wa mwisho.

"Shati hili," akasema, "limekuja hivi toka dukani."

"Dukani nilikwenda mimi," binti yangu akasema.