Injini ya Fundi Mawimbi

Fundi Mawimbi alikuwa mtu wa masikio. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza nyuma ya meza ya kutengenezea redio, akitafuta kasoro kwa kutega sikio. Ndiyo maana watu wakambandika jina hilo la Mawimbi, naye akalipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Sasa hebu fikiria mtu wa namna hiyo anaambiwa na daktari kwamba masikio yake yanamuaga. Daktari alimweleza pole pole, tena kwa kupaza sauti. Mishipa ni mizima, alisema, ila vile vifupa vidogo vya ndani ya sikio vimekakamaa, havichezi tena, kwa hiyo sauti haipiti. Dawa yake ipo, ya kisu au ya vifaa vya kusikilizia, aende nyumbani akazungumze na mkewe kisha warudi pamoja. Azungumze na mkewe! Fundi aliitikia vizuri kabisa, akatoka pale na kujikausha kama hakuna kilichotokea. Mke hakuambiwa, watoto walioko mbali hawakuambiwa. Alichofanya ni kwenda nyuma ya nyumba, akafunua turubai na kulitazama gari.

Gari lenyewe lilikuwa la ujana wake, lenye pua ndefu na taa za mviringo. Ndilo lililomleta bibi harusi nyumbani, ndilo lililowapeleka watoto shule. Lilikuwa likinguruma hivi kwamba mkewe alikuwa akitia chai kikombeni lingali kule barabarani. Kisha injini ikakwama, riziki ikawa ya kubahatisha, na gari likageuka nyumba ya kuku. Siku ile, akiwa amelishikilia turubai mkononi, Fundi alijiapiza: kabla masikio haya hayajafunga, nitaisikia injini hii tena. Nikishaisikia, nitamwambia mke wangu. Hakuna mtu aliyekijua kiapo hicho ila yeye na kuku.

Basi akaivalia njuga. Injini ilishushwa kwa mnyororo, ikapasuliwa vipande kwenye kibaraza cha jikoni, na nyumba nzima ikanuka mafuta ya taa. Pistoni zikalala kwenye trei za kuokea mikate. Valvu zikapangwa kwenye kabati la vyombo, kila moja mahali pake, na ole wako uziguse. Mkewe alikuja juu. Alisema yote ambayo mke mwenye trei zake angesema, na mengine ya akiba. Fundi aliitikia kwa kichwa kila neno, maana ndiyo ilikuwa mbinu yake siku hizo: ukiona midomo inacheza, kubali. Kwa mbinu hiyo alikwisha kukubali ukuta wa sebule upakwe rangi ya kijani, kisha akauliza kwa ukali ni nani aliyetoa ruhusa.

Mdogo wa mkewe, dereva wa lori, alikuwa akipita kila aliporudi safari, na shemeji ni shemeji, utani wake hauna likizo. Aliuliza kama supu ya pistoni imeiva. Alisema gari hilo likiwaka, yeye ataliacha lori aendeshe baiskeli. Hata hivyo ndiye aliyelipeleka lile bonge la chuma la injini kwa wachongaji, na ndiye aliyetafuta ringi mpya za pistoni kwenye kila mji aliopita, akazileta zimefungwa kwenye fulana yake. Ya kwanza Fundi aliivunja wakati wa kuivisha. Alikaa juu ya ndoo ameshika tama mpaka mkewe akamhurumia, akamletea chai na kigoda cha kukalia.

Kuanzia hapo kigoda kikawa cha mke. Alianza kwa kushika tochi tu, akaishia kuwa na maoni. Alijifunza kwamba valvu ya kutolea moshi si sawa na ya kuingizia hewa, kwamba boliti za kichwa cha injini hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kwa zamu, la sivyo gasketi itavuja. Fundi akikaza, yeye anaonyesha kwa kidole inayofuata. Kwa kweli walikuwa na raha. Kazi ile ilitaka vidole na macho, haikutaka masikio, na zilipita siku ambazo Fundi alisahau kabisa kwamba anaficha kitu.

Ikafika asubuhi ya kuwasha. Injini imerudi mahali pake, maji yapo, oili ipo, betri imechajiwa. Boneti iliachwa wazi. Shemeji aliegemea mbele ya gari, mikono kifuani, uso tayari kwa kucheka. Mke alisimama upande wa dereva. Fundi akaingia, akapiga moyo konde, akazungusha ufunguo.

Hakusikia kitu.

Aliangalia mbele, akamwona shemeji anarukaruka huku mdomo umefunguka. Ananicheka, Fundi akawaza. Akazungusha tena. Safari hii shemeji aliziba masikio kwa mikono miwili na uso ukamkunjamana. Fundi akauma meno, akazungusha mara ya tatu, kwa hasira, na moyoni akaanza kuihesabu upya injini yote, kutoka boliti ya kwanza.

Mkewe akafungua mlango, akamshika kifundo cha mkono. Aliinama mpaka nyuso zao zikakaribiana, apate kuisoma midomo yake.

"Imewaka, mume wangu. Imewaka tangu mara ya kwanza. Unaisaga stata."

Fundi akakodoa macho. Alikuwa anangoja ule mngurumo wa zamani, akasahau kwamba zamani bomba la moshi lilikuwa limetoboka, na kwamba safari hii kila kitu ni kipya na kimefungwa sawasawa. Aliweka viganja juu ya usukani. Ulikuwa unatetemeka, kidogo tu. Injini yake ilikuwa hai mbele yake na yeye hana habari. Machozi yakamtoka mzee wa watu mbele ya shemeji yake.

"Siisikii," alisema. "Sisikii kitu."

"Najua," mkewe akasema. "Mimi ndiye ninayelala ubavuni mwako, utanificha nini? Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Alijaribu kueleza kiapo chake, maneno yakagongana. Mke alisema hilo watagombania baadaye, tena vizuri.

Shemeji hakuwa na utani tena. Aliokota bisibisi ndefu kwenye sanduku la spana, akamvuta Fundi mbele ya gari. Madereva wa lori, injini ikilia vibaya njiani, hufanya hivi: ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio. Alimwekea hivyo hivyo, kisha akaachia.

Fundi akaganda. Sauti ilikuja kupitia mfupani, nzito na safi: pistoni zinapanda na kushuka, valvu zinabisha, oili inazunguka. Aliisogeza ncha huku na huku, silinda kwa silinda, akicheka na kulia kwa pamoja. Kiapo kilikuwa kimetimia. Alisimama pale mpaka shemeji akaogopa petroli itaisha, akaenda kuizima injini.

Ndipo mke alipoichukua ile bisibisi. Aliifuta ncha kwa kanga, akaibana chini ya taya lake, na ule mpini akauweka palepale nyuma ya sikio la mumewe. Fundi hakuelewa anataka nini.

"Unanisikia?"

Alimsikia. Hakumwona akisema, hakukisia kwa midomo. Alimsikia, kwa sauti yake ile ya chini yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, kama ilivyokuwa siku zote. Muda wote ule alikuwa analilia sauti ya gari. Hakuwa amejua kwamba hii nayo imekwisha kuondoka.

"Nakusikia," alisema. "Sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote."

Basi mkewe, oili iliyosalia ikimpaka kidevu, akamwambia kwamba Jumatatu wanakwenda wote kwa daktari, kwamba trei zake anazitaka leo hii zikiwa zinang'aa, na kwamba chakula kinapoa. Fundi akaishika bisibisi isiteleze, akamwambia aendelee.