Asante za Hilaria

Kabla ya kupanda gari la taka, Hilaria humsalimia dubu kwanza. Ni dubu wa kitambaa, jicho moja limeng'oka, tumbo limeshonwa kwa uzi wa nailoni, na amefungwa mbele ya gari juu ya taa tangu siku alipookotwa kwenye mfuko wa taka wa watu wenye uwezo. Wazoa taka wote wa jiji hufunga midoli yao hivyo, na ole wako umwambie mmoja wao kwamba ni uchafu. Hilaria alimpangusa vumbi kwa kiganja, akamtakia asubuhi njema, akavaa glovu mbili mbili kwa kuogopa vioo, kisha akaichukua kengele yake.

Ilikuwa kengele ya shaba, nzito, mpini wake wa mti umelainishwa na mikono ya watu wawili: marehemu mumewe Wilfrido, kisha yeye. Kazi yake ilikuwa kutangulia. Gari likiwa bado kona ya nyuma, yeye yuko katikati ya mtaa anaipiga, na watu wanateremka na mifuko yao. Jijini Mexico huachi taka mlangoni ukaenda zako. Unazipeleka garini kwa mkono wako, na usiposikia gari likipita, umekwama nazo jikoni hadi kesho yake, na joto lile. Kwa hiyo kila nyumba ya mtaa wa La Candelilla iliishi kwa kuutegea sikio mkono wa Hilaria.

Mshahara hakuwa nao, na jambo hilo huwashangaza wageni tu. Katika gari lile aliyelipwa na serikali alikuwa Nabor, dereva. Hilaria, pamoja na Tacho aliyesimama juu akichambua chupa na makopo, waliitwa wa kujitolea, jina zuri sana la kumpa mtu anayefanya kazi miaka nenda rudi bila kulipwa. Waliishi kwa hela ya soda waliyopewa na wenye nyumba, na kwa makopo waliyouza jioni. Hilaria hakuwa mtu wa kulalamika. Mama yake alimlea kwa kumwambia kwamba asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kingi hatashukuru, naye akakua mtu wa asante. Alimshukuru aliyempa sarafu, akamshukuru pia aliyempa salamu tupu. Tacho alizoea kumtania kwamba siku moja atalishukuru jiwe alilojikwaa.

Asubuhi ile Bwana Barragán, msimamizi wa kituo, alikuwa amesimama getini na kikombe cha kahawa. Hiyo peke yake haikuwa dalili njema, maana kwa kawaida alifika jua likiwa limeshapanda.

"Mama Hilaria, njoo kidogo. Hiyo kengele utaiacha hapa."

"Ina nini, bosi?"

"Haina kitu. Watu wa lile jengo jipya wamelalamika, kelele kila asubuhi. Na ofisi imeleta utaratibu mpya kwa magari yote. Mtu anaangalia kwenye simu yake, anajua gari lilipo. Mambo ya kisasa."

"Na wasio na simu za hivyo?"

"Watazoea."

Hilaria akaitazama kengele, akamtazama yeye. "Na mimi je? Bila kengele nitafanya kazi gani?"

Barragán akapuliza kahawa yake. Hakuwa mtu katili. Alikuwa tu mtu aliyezoea kuitikiwa ndiyo. "Ndiyo hapo sasa, mama. Gari haliruhusiwi kubeba mtu asiye na kazi. Leo malizia na wenzako, kesho usije."

"Unanifukuza."

"Siwezi kukufukuza. Hujawahi kuajiriwa."

Alilisema taratibu, kwa sauti ya kumfariji mgonjwa, na ubaya wake ni kwamba lilikuwa kweli. Hilaria akanyoosha mkono, akamkabidhi kengele. Mdomo wake, kwa mazoea tu, ukasema, "Asante, bosi." Alipolisikia neno lenyewe likimtoka aliona haya, akapanda gari bila kumtazama mtu.

"Kibarua kimeota nyasi," alisema Tacho kutoka juu, kwa huzuni.

"Nyamaza wewe," alisema Nabor, akawasha gari.

Hilaria alikaa akitazama mikono yake, ambayo haikujua pa kukaa. Kulikuwa na kodi ya chumba, kulikuwa na mjukuu wake Yareli aliyehitaji viatu vya shule, hayo yanajulikana. Lakini lililomuuma zaidi ni mtaa wenyewe. Pale La Candelilla alikuwa mtu. Watoto walimwita kwa jina, wagonjwa walimsimulia magonjwa yao, na kila mlango ulimfungukia. Kesho angekuwa mwanamke mzima asiye na pa kwenda asubuhi.

Kona ya kwanza ndiyo kituo cha Chofi, muuza tamale, ile mikate ya unga wa mahindi inayopikwa kwa mvuke. Alipoliona gari alifungua sufuria yake, mvuke ukamfunika uso, akatoa tamale moja ya pilipili ya kijani ikiwa bado katika ganda lake la mahindi, na kikombe cha uji wa moto.

"Mbona leo umekuja bubu?"

"Wameninyang'anya kengele, shoga. Leo ndiyo mwisho wangu."

Chofi hakuwa mtu wa kutoa pole. Aliongeza tamale ya pili. "Kula kwanza. Habari ya namna hiyo haisikilizwi na tumbo tupu."

"Asante, Chofi."

"Asante ya nini? Kula."

Gari likaingia mtaani kimya. Milango yote ilikuwa imefungwa. Juu, kwenye dirisha la ghorofa ya pili, Hilaria alimwona Mzee Plácido amesimama na kifuko chake mkononi, amevaa kofia yake, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Mzee huyo haoni. Kila siku alikuwa wa kwanza kuteremka, na sasa gari lilikuwa chini ya pua yake naye anasubiri kengele.

Hilaria alijaribu kuita kwa mdomo. Sauti yake ilimezwa na kipaza sauti cha mnunua vyuma chakavu, aliyekuwa akizunguka mtaa wa pili akitangaza magodoro, majokofu na majiko. Nabor akaitoa simu yake, akaitazama, akaitikisa.

"Inasema tuko karibu na soko," alisema. "Labda kuna gari lingine linaloitwa sisi."

Wakasubiri. Hakuna aliyetokea. Nabor, ambaye subira haikuwa fungu lake, akaikandamiza honi, ndefu, kisha akarudia.

Hapo milango ikafunguka yote kwa pamoja. Walitoka wanawake, walitoka wazee na watoto waliovaa nusu sare ya shule, wanakimbia, na kila mmoja ana ndoo. Wengine walikuwa na mabeseni, na fundi viatu alibeba sufuria ya kupikia maharage. Mabomba ya La Candelilla yalikuwa makavu tangu Jumapili, na kitu kimoja tu mtaani pale hupiga honi namna ile, nalo ni boza la maji.

Mbele yao wote alikuwa Mama Hermelinda, nywele amezisokota kwenye vibomba vya plastiki, ndoo mbili mkononi. Alipoona dubu wa jicho moja badala ya boza, alisimama.

"Nabor, Mungu anakuona," alisema. "Nimeteremka ngazi zote zile na goti langu hili kufuata maji, wewe unaniletea taka?"

"Sikuletei, mama. Nimekuja kuchukua zako."

Fundi viatu akaanza kucheka, na cheko likaambukiza hata waliokuwa wamekasirika. Walisimama pale na ndoo zao tupu wakicheka, kwa sababu kulia kungehitaji maji zaidi.

"Haya, Hilaria, na wewe umelala?" aliuliza Mama Hermelinda. "Kengele iko wapi?"

Hilaria akawaeleza. Alieleza kwa maneno machache, akimtetea hata Barragán kidogo, ndivyo alivyo. Alipofika kwenye "kesho siji" kicheko kilikuwa kimeshakwisha.

"Hawezi kukufukuza," alisema fundi viatu.

"Hata yeye kasema hivyo hivyo," alisema Hilaria.

Mama Hermelinda alizitazama ndoo zake. Moja ilikuwa ya plastiki, nyingine ya bati, kuukuu, yenye mabonde kila upande. Akampa ile ya bati. "Shika. Maji yenyewe haina. Ipige mpaka waamke."

Tacho alikuwa ameshainama kwenye rundo. Alimteremshia kipande cha bomba la chuma, amekipangusa kwa suruali yake.

Hilaria aligeuza ndoo na bomba mikononi, akaona aibu kidogo, kisha akaenda katikati ya mtaa na kupiga kama Wilfrido alivyomfundisha: mbili za haraka, moja ya kuvuta, kimya, halafu tena. Sauti ilikuwa mbaya, ya bati tupu. Lakini madirisha yakaanza kufunguka, na safari hii watu waliteremka na mifuko.

Mzee Plácido alifika akipapasa ukuta. "Kengele wamebadilisha," alisema, "ila mkono ni uleule."

"Ni mimi, mzee."

"Najua ni wewe." Akampa kifuko chake, ambacho hakikuwa na kitu zaidi ya maganda ya yai na mkate mkavu. Wote wawili walijua kwamba kifuko kile kingeweza kusubiri wiki nzima. "Mke wangu alipokufa, sikuona sababu ya kuvaa viatu. Wewe ndiye uliyekuwa ukinitoa nyumbani kila siku, na sijawahi kukwambia. Nakushukuru sana, Hilaria."

Hilaria, aliyekuwa na asante ya kila mtu, hakujua afanye nini na ya mwenzake. Alimshika mzee mkono kwa glovu zake chafu, naye hakuutoa.

Walipofika kwenye jengo jipya, Hilaria aliacha kupiga. Alipita mlangoni kimya, ndoo ameikumbatia. Mlango wa kioo ukafunguka, akatoka msichana wa soksi bila viatu, mtoto mchanga begani, mfuko wa nepi mkononi.

"Samahani, mama. Wewe ndiye mwenye ile kengele?"

"Nilikuwa mimi."

Msichana akamhamishia mtoto bega la pili. "Ni mimi niliyelalamika. Mtoto alikuwa halali usiku, ndiyo kwanza anasinzia asubuhi. Nilidhani ni mashine, inajipiga yenyewe garini. Sikujua ni mtu."

"Ingekuwa mashine ingetiwa hata mafuta, binti yangu," alisema Hilaria, na Tacho akacheka juu. Kisha akaona macho ya msichana yamejaa machozi ya mtu asiyelala, akakumbuka ya kwake ya zamani. "Ungeniambia tu. Ningepita hapa kimya, kama leo. Anaitwa nani?"

"Leandro."

"Basi tutampitia Leandro kwa kunyata."

"Asante, mama," alisema msichana. "Na unisamehe."

Hapo ndipo gari dogo la Barragán lilipokuja, kasi, likafunga breki nyuma yao. Aliteremka jasho likimtoka. Asubuhi nzima magari yote yalikuwa yamepita kimya kwenye mitaa mingine, na watu wa mitaa hiyo, walipokosa wa kuwapa taka zao, walizibeba wenyewe hadi kwenye geti la ofisi na kuziacha pale. Wakubwa wake walikuwa wameshindwa kutoa gari lao nje. Kengele ya Hilaria ilikuwa kwenye kiti cha abiria pamoja na za wenzake, zikigongana.

Aliichukua, akamletea. "Haya, mama. Kesho njoo kama kawaida."

"Kama kawaida ndiyo vipi, bosi?"

"Kama kawaida. Kwa kujitolea."

Alisema bila ubaya wowote. Akamnyooshea kengele, Hilaria akaushika mpini, lakini Barragán hakuuachia. Alikuwa akingoja. Mtaa mzima ulikuwa umelifuata gari, ndoo mikononi, ukitazama.

"Watu hushukuru, mama," alimkumbusha.

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lilikuwa likipanda lenyewe, kama lilivyopanda alfajiri. Hilaria aliutazama mkono ule safi juu ya mpini wa Wilfrido, akawafikiria Chofi na tamale yake ya pili, Mama Hermelinda na ndoo yake, Mzee Plácido, hata binti wa soksi. Hao walikuwa wametoa vyao. Huyu alikuwa akimrudishia chake.

"Zimekwisha, bosi," alisema kwa upole. "Asante nilizokuja nazo leo, watu wameshazimaliza."

Akauvuta mpini, ukatoka.

Juu ya gari Tacho aliacha kuchambua. Barragán alibaki na mkono mtupu, uso ukamwiva. "Angalia, mama," alisema hatimaye. "Wa kujitolea wako wengi."

"Najua, bosi. Wengi sana."

Nalo hilo lilikuwa kweli, na lilimwogopesha. Alimrudishia Mama Hermelinda ndoo yake na kumshukuru mbele ya watu, kwa sauti. Alitembea hadi akalipita jengo la Leandro, akainua kengele, akapiga mbili za haraka na moja ya kuvuta. Kutoka ghorofani mtu akapiga kelele, "Ngoja, Hilaria, tafadhali, nateremka."

Huyo naye hakuwa akimlipa. Lakini alikuwa amesema tafadhali, na Hilaria akamngoja.