Bampa ya Kijani

Magoti yangu yanalia kama mlango wa stoo, na siku ile nilikuwa nimeapa sitoki. Lakini mtoto akikuambia, "Baba, twende wote, peke yangu wauza vipuri watanizungusha," utasemaje? Nikavaa viatu.

Huyo ni binti yangu, kitindamimba, ndiye ninayeishi naye tangu mama yao atangulie. Alikuwa amekaa bila kazi mpaka kukaa kwenyewe kukamchosha. Sasa akapata ahadi: awabebe watoto wa chekechea kwa gari lake, awapeleke na kuwarudisha. Mwalimu mkuu alitaka kuliona gari kesho yake asubuhi. Ndipo lori la mchanga likarudi nyuma bila kutazama, likaipasua bampa ya mbele, ikabaki inaning'inia. Mwalimu akasema kwenye simu, "Mama, gari lenye meno nje silichukui. Wazazi wana macho." Basi bila bampa hakuna kazi.

Fundi akaifungua ile bampa upesi upesi, macho yako kwa gari jingine, akatukabidhi. "Gari liacheni hapa. Nendeni na hii, mtafute inayofanana nayo."

Tukaibeba, yeye mbele mimi nyuma, mpaka kule wanakochinja magari. Milango huku, vioo kule, injini zimelala kwenye matope ya oili. Kijana mmoja akapiga kelele, "Mzee, mnauza au mnazika?" Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, maana kweli tulionekana tumebeba maiti.

Muuzaji wa kwanza wanamwita Inaingia. Umuulize kioo, umuulize taa, jibu lake ni hilo moja. Akatutolea bampa ya kijani. "Ya gari lenu hii hapa. Inaingia."

Binti yangu akazilaza mbili sambamba. Yetu matundu ya taa ni ya mviringo, ile ya mraba. Yetu fupi kwa kiganja kizima.

"Kaka, hazifanani."

"Inaingia, dada."

"Kwako kila kitu kinaingia."

"Hata huyu mzee, nikimsukuma kidogo, anaingia."

Tukamwacha na utani wake. Tukaenda kwa wa pili, wa tatu, sijui wa ngapi. Kila tukitaja gari, tunaletewa bampa kama ile ya Inaingia. Kila tukipima, hailingani na yetu. Jua likatuwakia, bega likachubuka, nikawa nahamisha mzigo kulia, kushoto, mwisho nikaweka kichwani. Binti yangu aliacha hata kuuliza bei. Mimi nikimwona mtoto wangu amekata tamaa hivyo, moyo unaniuma kuliko magoti.

Tukaishia kwenye ukuta wenye kivuli. Akaipindua bampa tuikalie, tukiwa hoi wote wawili. Hakukaa. Akainama akaitazama ndani.

"Baba, njoo uone."

Nikaona kipande cha ubao kimefungwa kwa waya. Matundu ya nati yametobolewa kwa chuma cha moto, yamepinda pinda.

"Hii si ya gari langu," akasema. "Aliyeniuzia gari aliipachika tu."

Jamani! Kutwa nzima tunamtafutia ndugu mtoto wa kuokota! Nikataka kucheka, nguvu ya kucheka sina. Tukaiacha palepale ukutani, tukarudi mbio, ila mbio zangu mimi ni zile za kobe.

Inaingia alikuwa anafunika vitu vyake turubai. Akatuona, akakunja mikono. "Nilisema nini?"

"Ulisema inaingia," nikamjibu.

"Sema tena, mzee, masikio yangu yafurahi."

"Inaingia, mwanangu. Tupe tuondoke."

Kwa fundi kukawa na jingine. Yule aliyepachika ile ya uongo alikuwa amekata vishikio vya gari, kwa hiyo fundi akachomelea vipya. Giza linaingia ndipo akakaza nati ya mwisho. Gari jeupe, bampa kijani. Rangi hatukuwa na muda nayo.

Asubuhi mwalimu mkuu akalizunguka gari polepole. Akaifikia bampa, akaisukuma kwa mguu. Haikutikisika. Akasukuma tena, kwa nguvu.

"Na kijani hiki?"

"Itapakwa, mwalimu," binti yangu akasema. "Lakini imeshika."

"Naona imeshika." Akamtazama usoni, nadhani aliona alivyochoka. "Ipakwe mwezi huu. Jumatatu uanze, na usichelewe, watoto wadogo hawajui kusubiri."

Akaingia ofisini. Sisi tukaingia garini. Nilidhani mtoto atapiga vigelegele. Akaegemea usukani, akafumba macho.

"Baba, tusiondoke kwanza. Tukae kidogo."

Nikavua viatu. Tukakaa.