Gauni la Pili

Mume wangu ni fundi cherehani. Binti yetu Kifungo alipokaribia kutimiza mwaka, alimshonea gauni la manjano. Nilipofungua kabati nikakuta mawili, yanafanana mpaka pindo.

"Baba Kifungo, hili lingine la nani?"

"La mwenzake." Hakucheka. "Yule anayekaa kushoto kwake."

Niligeuka. Mtoto alikuwa peke yake mkekani, anatafuna ncha ya futi ya kupimia ya baba yake.

"Usinitanie, bwana."

"Wiki ya tatu sasa. Nilinyamaza usije ukasema nimerukwa na akili. Akitambaa, wanatambaa wote."

Uso wa mume wangu nao ulikuwa umelegea upande mmoja, na chai ilimpalia kila asubuhi. Mama mkwe akasema ni mkono wa mtu. Mimi moyoni nilisema hospitali, ila mdomo ulikuwa mzito. Mpaka Kifungo alipopanda kiti, akayumba. Baba yake aliruka, akakumbatia hewa, shibiri moja kando ya mwanawe. Nilimdaka mimi.

Hospitalini daktari alituonyesha picha ya kichwa cha mume wangu: uvimbe kwenye shina la ubongo, zinapopita neva za macho, uso na koo.

"Hapa hatukati, tutauchoma kwa mionzi. Macho hayapatani, baba. Kila moja lina mtoto wake."

"Na mimi nilishamzoea yule," mume wangu akasema polepole.

Tangu tuanze mionzi, kila Jumapili humpima. Hunyoosha futi hewani, kutoka kwa Kifungo hadi pale nisipoona kitu. Inchi nane. Nane tena. Nikaacha kuuliza, nikawa naomba tu. Kisha sita. Nne.

"Wanasogeleana," alininong'oneza. "Ila yule ananitazama mimi tu, hapepesi."

Leo imesoma moja. Futi haijakunjwa, Kifungo kashapanda kiti kilekile. Nilisogea, mikono tayari. Baba yake akanyoosha yake, akakusanya kama anayezoa nguo kambani, na mtoto akawa kifuani pake, anamvuta sikio.

"Umewapata?" nikauliza.

"Nimempata." Machozi yalimtoka jicho moja, lile la upande mzima. "Mzito huyu! Unamlisha mawe?"

Gauni la pili bado linaning'inia kabatini. Amesema atalifumua aliongeze, Kifungo alivae mwakani.