Miadi Chini ya Viatu vya Mkurugenzi

Jumatatu asubuhi fundi wa tovuti wa hospitali ya macho alikuwa anapuliza chai yake huku akifungua ukurasa wa mbele kwenye kivinjari kimoja baada ya kingine, kuhakikisha vyote vinauonyesha sawasawa, mshonaji alipotokea juu ya boksi la karatasi za printa. Ilitangulia sauti yake, ikisema hodi. Likafuata gauni, kisha mikono, na uso ukaja mwisho, umefifia kidogo, ukakolea taratibu. Alikuwa na futi ya kupimia nguo shingoni na simu mkononi.

"Karibu mama. Shikamoo," alisema fundi.

"Marahaba mwanangu. Samahani, ni hapa mtu anapongojea ukurasa ufunguke?"

Fundi hakuwa na taarifa hiyo. Lakini chumba chake kiliwahi kuwa stoo ya mafagio, na alishazoea kuona kinapangiwa kazi mpya bila yeye kuulizwa. Akaliondoa boksi, akavuta kiti, akamwomba mama akae vizuri.

Tovuti ilikuwa mpya. Mkurugenzi alikuwa ameyafunga mapokezi na kutangaza kwamba kuanzia sasa kila mgonjwa ataweka miadi mtandaoni, kwa raha zake, akiwa nyumbani. Mshonaji alikaa mtaa wa pili tu. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amefika kwa miguu, akaambiwa na mlinzi arudi nyumbani akafungue tovuti. Akarudi, akafungua, na sasa yuko hapa.

Ukurasa wenyewe haukuwa na mambo mengi. Ulikuwa na picha ya mkurugenzi amesimama kwenye ngazi, mzima mzima, kuanzia nywele hadi viatu. Mpwa wake ndiye aliyempiga picha kwa kamera mpya, na kwa amri ya mkurugenzi picha ikawekwa vile vile ilivyotoka kwenye kamera, nzito kama gunia la chumvi. Kitufe cha kuweka miadi kilikuwa chini ya viatu. Kwenye simu ya zamani yenye mtandao wa kusuasua, picha iliteremka kidogo kidogo, na mgonjwa alipaswa kumpitia mkurugenzi mwili mzima kabla ya kukifikia.

Fundi hakuwa ameligundua hilo, na sababu yake ni ya aibu kidogo. Alivipenda sana vivinjari. Kwa maoni yake, kivinjari kilikuwa mfanyakazi bora kuliko wote pale hospitalini: hakinung'uniki, hakichelewi, na ulichokwisha kukiona hukitunza, ili ukikitaka tena kisikuhangaishe kwenda kukichota mbali. Ndiyo maana kwake picha ilifunguka kufumba na kufumbua. Kila alipodhani anaijaribu tovuti, alikuwa anaijaribu kumbukumbu ya mashine yake mwenyewe. Na mtu akilalamika, alikuwa na jibu ambalo watu wa kazi yake hulitoa upesi kama wengine wanavyosema pole: mbona kwangu inafunguka?

Hadi saa sita chumba kilikuwa kimejaa. Alikuwemo dereva wa lori aliyekuja bila rangi, mweusi na mweupe, mpaka alasiri ndipo shati lake likawa la bluu. Alikuwemo mwalimu mstaafu aliyewapanga wote kwa mstari kufuatana na walipofika kwenye picha. Salamu zao nazo zikabadilika.

"Umefika wapi ndugu?"

"Niko kwenye masharubu. Wewe je?"

"Mimi nimeshapita kidevu, Mungu ni mwema."

Aliyefika kwenye viatu alitoweka hapo hapo, akiwa amefanikiwa, na waliobaki wakampigia makofi. Dereva wa lori alitoweka Jumanne akiwa katikati ya kisa cha mbuzi aliyeingia benki. Chumba kizima kikabaki kinabishana mbuzi yule alifuata nini.

Aliyemtia fundi wasiwasi ni mshonaji, ambaye simu yake ilikuwa kongwe kuliko zote. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mwezi uliopita alishona mkono wa shati ukafungwa pande zote, na mteja akarudi akiupunga kama bendera. Watu walicheka, yeye pia alicheka, lakini wateja walikuwa wakipungua, na kazi nyingine hakuijua. Daktari bingwa aliyeweza kumpasua alikuwa ametoka mbali na angeondoka Ijumaa mchana. Akiondoka, harudi hadi mwakani.

"Mwakani mimi nitakuwa nashona kwa kupapasa," mshonaji alisema.

Chumba cha daktari kilikuwa ng'ambo ya ukumbi. Fundi alimshika mkono akampeleka. Muuguzi wa mlangoni alimkagua kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Huyu bado anafunguka. Mtazame kiwiko, hakijatulia. Akimaliza mlete."

"Dada, si unamwona yuko hapa?"

"Mimi namwona. Mfumo haumwoni."

Fundi akarudi kumwekea miadi kwenye kompyuta yake. Kompyuta ikamjibu kwamba mtumiaji huyu tayari yuko ukurasani, tafadhali asubiri. Sentensi hiyo aliiandika fundi mwenyewe, kuzuia watu wasiweke miadi mara mbili, na wakati ule aliiona ina adabu.

"Basi nizime nianze upya?" aliuliza mshonaji.

"Usithubutu mama. Umeshafika kwenye tai."

Jumatano fundi alikwenda kwa mkurugenzi kumwomba picha ipunguzwe. Mkurugenzi alitoa simu yake, akafungua ukurasa, akajiona mara moja, mzima mzima.

"Mbona kwangu inafunguka?"

Fundi alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, na hakuyapenda hata kidogo. Akamwomba bosi aje aone. Bosi alikuja, akasimama mlangoni mwa chumba, akafurahi kwa dhati. Alimpa kila mtu mkono, hata wale ambao mikono ilikuwa haijafika.

"Kumbe tovuti yetu ina wageni wote hawa!"

"Hawa wamekwama, mheshimiwa."

"Watafika tu. Picha ikipunguzwa, na mimi nitapungua. Nitawaletea mabenchi."

Ijumaa asubuhi mshonaji alikuwa kwenye magoti. Chaji ya simu ilikuwa imebaki kidogo mno, na chaja za chumbani hazikuingia kwenye tundu lake la kizamani. Ng'ambo ya ukumbi, daktari bingwa alikuwa ameshaanza kukunja koti lake jeupe. Mshonaji alikuwa ameinamia simu yake, pua karibu iguse kioo.

"Halafu suruali yenyewe ndefu hivi," alisema. "Ningekuwa naona vizuri, ningemkatia hapa hapa."

Fundi alimtazama. Halafu akaifungua picha, akaikata magotini, akakipandisha kitufe mpaka pale, akaituma. Hakuhofia sana. Kivinjari cha mkurugenzi kilikuwa kimemtunza na miguu yake yote, na kwa jinsi alivyomjua, hakuna siku angefikiria kukisafisha. Na kwa kuwa picha sasa iliishia magotini, na mshonaji alikuwa magotini, hapakuwa na kilichobaki cha kumngojesha.

"Mwanangu, hiyo futi yangu usi..." alisema mshonaji, akatoweka.

Waliobaki nao wakaondoka karibu kwa pamoja, kama wanafunzi kengele ikilia, mwalimu mstaafu akiwa wa mwisho. Futi ilibaki imening'inia kwenye kiti. Baada ya muda mfupi mshonaji aliingia kwa lango kuu, anahema, vumbi miguuni.

"Enhe, sasa umefunguka," alisema muuguzi, akampitisha. Jicho la kulia lilipasuliwa huku daktari akiangalia saa ya safari yake. La kushoto likaachwa la mwakani.

Chumba kilikaa kitupu majuma kadhaa. Fundi alifanya kazi kwa utulivu na kugundua kwamba yeye hapendi sana utulivu. Alikuwa anakumbuka makelele yao, na mbuzi wa benki aliishia wapi, alikuwa bado hajui.

Kisha mkurugenzi akanunua simu mpya. Ilikuwa safi, haijatunza kitu, na alipofungua tovuti akajikuta hana miguu. Hakuwa mtu wa hasira. Alimwita fundi, akampa onyo kwa sauti ya upole, akaagiza miguu irudishwe siku hiyo hiyo. Ili jambo kama hilo lisitokee tena, wajumbe wote wa bodi wakapigwa picha wamesimama nyuma yake, nao wazima wazima. Mapokezi yakageuzwa ofisi ya mpwa. Mabenchi yakaletwa, yakafungwa kwa skrubu sakafuni, kikaja na kibao cha mlangoni kinachosema ni chumba cha kungojea ukurasa. Ukutani ikatundikwa ile picha ya kwanza ya mkurugenzi, kubwa kama mlango, wageni wapate cha kutazama. Hiyo ilifunguka mara moja.

Mwaka uliofuata, daktari bingwa aliporudi, sauti ya mshonaji ilipiga hodi Jumatatu asubuhi. Akaja na gauni jipya, la mishono iliyonyooka. Dereva wa lori alikuwa ameshafika kuweka miadi ya miwani, na watu walikuwa wanamshikilia amalizie habari za mbuzi kabla hajafika kwenye viatu.

"Umefika wapi mama?" aliuliza fundi, akimrudishia futi yake.

"Nywele, mwanangu. Tena hizi za mbele tu. Na wale wa nyuma wote wana vipara, Mungu atusaidie."

Alikaa benchini, akaitazama picha ya ukutani kwa jicho lake zima, kuanzia juu, bila haraka, hadi chini kabisa.

"Hee," alisema. "Mbona soksi zake hazifanani?"

Wote wakageuka. Moja ilikuwa nyeusi, nyingine ya kahawia yenye mistari. Fundi alikuwa ameifungua picha hiyo mara zisizohesabika, lakini siku zote alitazama kama imefunguka, basi.

"Mwaka mzima hakuna aliyemwambia?" aliuliza dereva.

"Nani angemwambia?" alisema fundi. "Akifika huko chini, mtu huondoka."

Mshonaji akachomoa sindano kwenye ukosi wake, akatunga uzi mara moja, akauliza nani amekuja na kifungo kilicholegea.