Gari la Kuingia kwa Miguu Yako

Mzee Breki alikuwa amefungwa mpini wa ufagio kwenye mguu wa kulia, kutoka pajani mpaka kifundoni, na alikuwa anahangaika kuingia kwenye gari la kubebea maiti.

"Inua makalio kwanza," alisema Bomba.

"Nimeinua."

"Hayo ndiyo uliyoinua?"

Mwenye yadi ya magari makuukuu alisimama pembeni, mikono kiunoni, akauliza kama huyu mzee ni mgonjwa. Uzi, fundi cherehani aliyestaafu kwa sababu ya macho wala si kwa kupenda, akamjibu kwa upole kwamba mzee ni mzima kama ng'ombe. Ule mpini ni kipimo.

"Kipimo cha nini?"

"Cha gari."

Mwenye yadi akautazama tena ule mpini. Watu wa aina nyingi huja kwenye yadi, lakini hawa walikuwa wapya kwake.

Hawa wazee watatu, kabla hujawacheka, ujue wameanza mbali. Breki aliendesha malori mpaka nywele zikawa nyeupe, na hilo jina la Breki alipewa kwa dhihaka maana hakuwa mtu wa kuzigusa. Bomba alikuwa fundi wa mabomba ya maji. Walipoacha kazi, wote watatu wakajikuta asubuhi hazina pa kwenda, basi wakaanza kuzunguka kwenye mayadi kutafuta magari ya ajabu. Kununua haikuwa nia yao. Nia ilikuwa kuyaona, kuyagonga gonga bodi, kuyafungua boneti na kubishana. Waliona gari la matairi matatu limeinama mbele kama mtu aliyedondosha kifungo. Waliona jingine kichwa chekundu, mkia kijani, magari mawili yaliyokatwa yakaunganishwa, na mwenye kuliuza anaapa limetoka kiwandani hivyo hivyo. Wakirudi nyumbani kwa Breki wanapiga soga mpaka chai inapoa, na mkewe anawaita kamati ya vyuma chakavu.

Halafu mke wa Breki akateleza pale wanapofulia nguo. Goti la kushoto likatengenezwa hospitali kwa vyuma, likapona, ila halikunjiki tena. Limenyooka kama ubao. Mahali tambarare anatembea vizuri na fimbo yake. Shida ni gari. Siku ya kutoka hospitali waliita teksi, na jamani, ilikuwa aibu. Mmoja anavuta mabega kutoka mlango ule, mwingine anasukuma miguu kutoka mlango huu, na dereva analalamika kiti chake kitachanika. Walimwingiza kama godoro.

Alipofika nyumbani alikaa kwenye kiti chake, akafunga vizuri kilemba, akasema, "Gari la kuingizwa sipandi tena. La kuingia mwenyewe, nitapanda."

Watu wakacheka wakidhani ni hasira za siku moja. Hazikuwa. Alikuwa na dada yake mkubwa ng'ambo ya vilima, dada ambaye macho yamezimika na hawezi kusafiri, na tangu ujana walikuwa hawapitishi mavuno bila kuonana. Sasa waliishia kupigiana simu, huyu anapayuka na yule anapayuka, na simu ikikatika mke wa Breki anaishika tu mkononi, anaitazama.

Mtoto wao mkubwa, mtu wa ofisini, mtoto mwema kwa kweli, akaja na televisheni kubwa. Akamwambia, "Mama, dunia umeshaiona ya kutosha. Sasa tulia."

Mama alisubiri aondoke. Kisha akaifunika ile televisheni kwa kitambaa cha meza, na imefunikwa mpaka leo.

Ila Breki alilisikia lile neno, likamkaa kooni. Tulia. Tulia anaambiwa mtoto anayechezea kiberiti. Asubuhi yake akawaita wenzake, akawaambia safari hii kamati inanunua.

Uzi akashona mikanda kutoka kwenye suruali kuukuu, Bomba akaleta mpini. Sheria ilikuwa moja: Breki akiingia na mguu umefungwa, bila kushikwa na mtu, gari limefaulu. Na hakuna lililofaulu. Kwenye bajaji aliingia mwili wote ukabaki mguu nje kama mlingoti wa bendera. Gari la kuuzia aiskrimu aliliingia vizuri tu, lakini muziki wake ulikuwa hauzimiki, ukiwasha injini na wenyewe unaanza, na Uzi akasema heri arudi kwa miguu kuliko kusikia huo wimbo tena. Ambulensi ya zamani mama mwenyewe aliikataa akiwa jikoni, hata hajaiona. Alisema huko ameshatoka.

Ndivyo walivyofika kwenye gari la maiti.

"Hili linaingilika vizuri sana," Bomba alisema, "ila uwe umelala."

"Funga mdomo unifungue mguu," alisema Breki.

Mwenye yadi akakuna kichwa. Sijui ni huruma, sijui alitaka waondoke. "Lipo moja nyuma ya banda," akasema, "lakini hamtalitaka. Lilikuwa linabeba farasi wa mashindano."

Lilikuwa refu, jeupe lililochakaa, limesimama kwenye majani kama limesahauliwa na mwenyewe. Bomba akavuta komeo, na mlango mzima wa nyuma ukashuka taratibu mpaka chini, ukawa njia ya kupandia. Juu ya ile njia palipigiliwa vipande vya mbao ili kwato zisiteleze, na upande wa kushoto pana chuma cha kushikia, kimelainika kwa mikono ya watu. Ndani kuta zimewekwa ngozi na sponji. Ubavuni pana dirisha kubwa, na mbao za fremu yake zimetafunwa.

Breki akashika chuma kwa mkono wa kushoto, akatanguliza mguu mzima, akauburuta uliofungwa. Akapanda. Hakushikwa na mtu. Akafika juu, akasimama wima, na kichwa hakikugusa dari. Kisha akatoa kichwa kwenye dirisha la farasi, macho yamelowa kidogo, akasema, "Mnangoja nini? Ulizeni bei."

Bei walibishana mpaka mwenye yadi akachoka, na Uzi akaongezea ahadi ya kumshonea viti vyake vyote vya ofisini. Bomba akaliosha kwa mpira wa maji tangu asubuhi mpaka jua la mchana. Harufu ya farasi haikutoka, ilibadilika tu ikawa ya farasi mstaarabu. Kiti cha mama cha mezani wakakifunga sakafuni kwa nati, karibu na dirisha, na mbele yake kigoda cha kulazia mguu.

Siku ya safari gari likaegeshwa mbele ya nyumba. Majirani wakatoka, wengine na mabeseni mikononi. Mtoto mkubwa naye akafika, shati limepigwa pasi, akalizunguka gari lote. Halafu akamvuta baba yake pembeni.

"Baba, mama si farasi."

"Najua. Nimemuoa mimi."

"Watu watasema nini?"

"Watasema mama yako anakwenda kwa dada yake."

"Baba, nakuheshimu, lakini hapa unatuaibisha. Mama alishakubali kukaa."

"Nani alikubali?"

Hiyo ilikuwa sauti ya mama, mlangoni. Amevaa nguo yake ya kutokea, mkoba begani, fimbo mkono wa kulia. Akalitazama gari toka mbele mpaka nyuma. "Hao farasi," akamuuliza mumewe, "walikuwa wanabebwa na watu kuingia humo?"

"Hapana. Walipanda wenyewe."

"Basi walikuwa na heshima kuliko mimi wa kwenye teksi."

Akaja mpaka mwanzo wa ile njia. Akampa Uzi fimbo, akanyoosha mkono wa kulia atafute pa kushika. Akapapasa hewa.

"Chuma kiko wapi?"

"Hicho hapo," alisema Breki. "Kushoto."

"Kushoto ndio mguu mbovu. Mkono unaonibeba ni wa kulia. Kwani wewe ulijaribu na mguu gani?"

Breki akatazama miguu yake mwenyewe, akatazama wa mkewe. Akaona. Miaka yote wanakula wakiwa wametazamana, na tangu ajali ule mguu ulionyooka unatokeza chini ya meza upande wake yeye wa kulia. Yeye alikariri kulia. Kamati nzima ikafunga mguu wa kulia.

"Umelala naye maisha yote," Bomba alinong'ona, "hujui mguu wa shemeji?"

"Na wewe uliyefunga mpini?"

Uzi alikaa kwenye ndoo. Mtoto mkubwa akasogea, na sasa sauti yake ilikuwa laini, haina ubishi. "Basi mama. Tukuinue mara hii moja. Mimi na baba. Ni hatua chache tu."

Akanyoosha mikono. Na Breki, moyo ukimuuma, akajikuta naye amenyoosha ya kwake.

Mama akaitazama ile mikono minne.

"Shusheni," akasema.

Wakashusha.

Akageuka polepole, akalipa gari mgongo. Sasa chuma kilikuwa kulia kwake. Akakikamata. Akarudisha nyuma mguu mzima, akakanyaga kipande cha mbao, akauvuta ule ulionyooka ukafuata. Tena. Alipanda kinyumenyume, uso wote kwa watu, akiwatazama mmoja mmoja: mtoto wake, mama wa beseni, jirani aliyezoea kuchungulia juu ya ukuta. Akahema katikati, akapumzika, jasho linamtoka.

"Mnaangalia?" akasema. "Angalieni vizuri."

Akaendelea. Breki alihesabu hatua moyoni, mikono kaificha nyuma isije ikamsaliti. Alipofika juu, mama akaachia chuma, akashika mgongo wa kiti chake, akakaa, akaulaza mguu kwenye kigoda. Akatoa kichwa kwenye lile dirisha lililotafunwa, kilemba kikiwa wima.

"Shemeji umependeza," alisema Bomba.

"Nyamaza, endesheni gari." Kisha akamgeukia mtoto wake, aliyekuwa amesimama pale na mikono yake mitupu. "Na wewe, baba. Unakuja, au unatulia?"

Mtoto akalitazama shati lake. Akapanda kwa ile njia, akasimama karibu na kiti cha mama yake, akashika ukuta wa sponji mahali alipokuwa akisimama farasi. Bomba akafunga mlango. Breki akapiga honi ndefu ambayo haikuwa na sababu yoyote, wakaondoka.